Kwa nini Mwingereza ukimuokoa anasema umemuokolea bekoni?

#1 Mtafsiri_Tanga
Habari za jioni wakuu. Naleta hii kitu kwenu maana imenikaa kichwani na mteja anataka kazi yake.

Nafanya sabutaito za tamthilia moja ya polisi wa Uingereza. Kuna sehemu inspekta kasahau kupeleka kielelezo mahakamani, konstebo wake anatoka nacho mbio anakifikisha kabla jaji hajakaa. Baadaye inspekta anamwambia "you saved my bacon". Mashine ya tafsiri ilitoa "uliokoa nyama yangu ya nguruwe", hiyo nikaifuta palepale. Nikaandika "umeniokoa". Mhariri kanirudishia, anasema imepooza, mwenzako kaongea kwa mafumbo wewe unaleta lugha ya barua.

Hoja yangu ni hii: bekoni hapo ni riziki. Kumuokolea mtu bekoni ni kumuokolea kibarua chake. Na sisi hilo tunalo, mtu akifukuzwa kazi si tunasema kamwaga unga? Kwa hiyo nataka niandike "Umeniokoa nisimwage unga". Wanaojua asili ya huu msemo waje waniambie kama nipo sahihi au nataka kupotosha watu.

#2 Mzee_wa_Buza
Kitimoto imeingia jukwaa la lugha! Nimeweka kigoda changu hapa, anayekuja aje na ndizi na pilipili.

#3 Kalamu_Nyeusi
Mtafsiri heshima yako, ila hiyo riziki naona umeichukua kwenye msemo mwingine. Upo wa "bring home the bacon", kuleta bekoni nyumbani, huo ndio wa riziki. Huu wa kuokoa unahusu mwili. Angalia ndugu zake: Mwingereza anasema pia kuokoa ngozi yako, kuokoa shingo yako, na maana ni hiyohiyo. Vyote viungo vya mwili, sasa kwa nini bekoni peke yake iwe chakula?

Halafu neno lenyewe. Waingereza walilipata kwa Kifaransa cha kale, na Kifaransa kilikuwa kimelitoa kwenye lugha za Kijerumani, shina lake ni moja na neno la mgongo. Na zamani bekoni haikuwa vile vipande vyembamba vya kifungua kinywa hotelini, ilikuwa nyama ya nguruwe yoyote hata mbichi. Mgongo wa nguruwe ukageuka mgongo wa mtu kwa utani, basi aliyekimbia viboko kaokoa bekoni yake.

#4 Dada_wa_Kisutu
Kalamu unaongea kama ulikuwepo. Kwamba neno limetoka kwenye mgongo miaka elfu moja iliyopita haina maana mtu wa baadaye akilitamka alikuwa anawaza mgongo. Lete mahali ambapo Mwingereza kamwita mtu bekoni, tukubali.

#5 Kalamu_Nyeusi
@Dada_wa_Kisutu hilo jepesi. Shakespeare, mchezo wa Henry IV sehemu ya kwanza, umechapwa 1598. Falstaff na wenzake wanavamia wasafiri barabarani, na Falstaff anawapigia kelele abiria "On, bacons, on!" yaani songeni nyie mabekoni. Anawaita watu wanono, walioshiba. Muda mfupi kabla ya hapo kawatukana kuwa wamelishwa bekoni. Na kinachochekesha ukumbini ni kwamba anayewaita wenzake wanene ndiye mnene kuliko wote jukwaani. Kwa hiyo kabla ya 1600 mtu alishaitwa bekoni mbele ya hadhara na watu wakaelewa.

#6 Dada_wa_Kisutu
Sawa, hiyo nimeipokea.

#7 MkaziWaLeicester
Mimi niko huku kwao muda mrefu na nimefanya kazi na wazee wa Kiingereza, wao wanasema hii imetoka vita ya pili ya dunia. Bekoni ilikuwa inagawiwa kwa kitabu cha mgao, kipande kidogo kwa wiki, ukiokoa bekoni ya mtu umemuokolea kitu cha thamani kabisa.

#8 Kalamu_Nyeusi
Hapana mkuu. Mgao ulikuwepo kweli, bekoni na siagi na sukari viliingia kwenye mgao Januari 1940, na bekoni ilitoka mwishoni kabisa mwaka 1954. Ila msemo umeshachapwa 1654, miaka mia tatu nyuma. Wazee wako labda ndipo walipousikia sana utotoni, na ukisikia neno sana kipindi cha njaa unaona limezaliwa hapo.

#9 MkaziWaLeicester
1654 imetoka wapi? Weka nyama hapo.

#10 Mzee_wa_Buza
Weka nyama 😂😂 na huyu naye

#11 Sauti_ya_Kizimkazi
Assalam aleikum. Naomba niingie mimi kwenye hiyo 1654 kwa sababu nimeisoma na nadhani ndiyo muhimu kuliko yote mliyoongea, na Kalamu kaitaja kama tarehe tu akapita.

Kaeni na historia kidogo. Uingereza walipigana wao kwa wao kuanzia 1642 hadi 1651, Bunge upande mmoja mfalme upande mwingine. Mfalme Charles wa kwanza akakatwa kichwa Januari 1649. Mji wa Oxford ulikuwa ndio makao ya mfalme wakati wa vita, chuo kizima kilikuwa upande wake. Bunge liliposhinda likatuma wakaguzi chuoni, ukiulizwa kama unakubali mamlaka ya Bunge ukasema hapana unatolewa, na wengi walitolewa, nafasi zao na nyumba zao wakapewa wengine. Sasa 1654 Cromwell, yule jemadari wa Bunge, ndiye mtawala, kafanya amani na Waholanzi, na wasomi wa Oxford wakatoa kitabu kizima cha mashairi ya kumsifu. Watu haohao ambao miaka kumi nyuma walikuwa wanamsifu mfalme.

Ndipo akatokea mtu akaandika shairi la kuwakejeli, na ndani yake kuna mstari unaosema baadhi ya hawa jamaa "to save their bacon penn'd many a smooth song". Yaani ili waokoe bekoni zao wameandika nyimbo laini chungu nzima.

Sasa niambieni, mwalimu wa chuo anayeandika shairi la kumsifu mtawala mpya anaokoa nini? Ngozi yake, au nafasi yake na nyumba yake na mshahara wake? Mimi naona Mtafsiri ana hoja. Wale hawakuwa wanakimbia kunyongwa, walikuwa wanaogopa kumwaga unga.

#12 Mtafsiri_Tanga
Shukran sana Sauti, hii ndiyo niliyokuwa naitafuta.

#13 Kalamu_Nyeusi
Subiri kwanza usisherehekee. Sauti kaleta kitu kizuri na nimekisoma mara mbili, ila mfano huohuo unaweza kugeuzwa. Mfalme mwenyewe kakatwa shingo miaka mitano nyuma. Ukiwa mtu wa mfalme kwenye mji ule, hofu yako inaishia kwenye mshahara kweli? Kuna watu walikaa ndani, kuna waliokimbilia Ufaransa na Uholanzi. Pia mwandishi anakejeli, na kejeli inanoga zaidi ukimwambia profesa na joho lake kwamba anaokoa minofu yake kama mnyama wa buchani.

#14 Sauti_ya_Kizimkazi
Waliokimbilia Ufaransa hawakuandika nyimbo laini. Walioandika ni waliobaki na kazi.

#15 Mama_Junior_Ilala
Sauti kamaliza 🔥🔥

#16 Kamau_wa_Limuru
Wadau mko aje. Hapa kwetu Limuru kuna Uplands, enzi za mkoloni kulikuwa na kiwanda cha bekoni hapo, wazee wengi wa hii area walifanya kazi humo. Na shule tulikuwa tunafundishwa hii idiom ya kuweka kwa insha ya Kiingereza, mwalimu alikuwa anasema ukiweka mbili tatu hivi kwa composition unaongezwa marks. Lakini hakuna mtu alituambia imetoka wapi.

Ile nilisoma mimi baadaye ni ya wezi. Kuna kamusi ya lugha ya wezi ya London, ya 1725, inasema bekoni ni ile mali mwizi ameiba. Kuokoa bekoni ni kutoroka na mzigo bila kushikwa, halafu watu wa kawaida wakaichukua kumaanisha kuponea chupuchupu yoyote ile. Sasa hiyo si mwili na si kazi, ni loot.

#17 Dada_wa_Kisutu
Kamau hiyo tamu ila 1725 inakuja baada ya 1654 ya Sauti. Inawezekana wezi ndio waliochukua kwa watu wa kawaida, siyo kinyume.

#18 Kamau_wa_Limuru
Madam, lugha ya wezi haiandikwi ikianza. Hata sheng, neno linakaa mtaani miaka mingi ndio mtu wa kamusi alione. Kwa hivyo tarehe ya kamusi ni tarehe ya mwandishi kufika, si ya neno kuzaliwa.

#19 Kalamu_Nyeusi
Hapo Kamau yuko sahihi kuhusu kamusi kwa jumla. Ila 1785 Francis Grose alipotoa kamusi yake ya lugha ya mitaani kaandika kwa kifupi tu kwamba fulani kaokoa bekoni yake maana yake kaponyoka. Mzigo hautaji. Kama maana ya mzigo ingekuwa ndiyo mzizi, mtu aliyekuwa anazunguka mitaani usiku kusikiliza wahuni wanaongeaje angeisikia.

#20 Nyuki_wa_Tabora
Mbona mnazunguka mbali. Nimewahi kusoma kuwa zamani bekoni ilikuwa inaning'inizwa juu ya jiko ikaukie moshi, na mbwa wa nyumbani walikuwa wanairukia. Mwenye nyumba akiwahi kuwafukuza mbwa kaokoa bekoni yake. Basi imeisha hiyo.

#21 Mzee_wa_Buza
Mbwa wa Tabora lazima wanaruka sana

#22 Nyuki_wa_Tabora
@Mzee_wa_Buza nenda kale ndizi zako

#23 Dada_wa_Kisutu
Nyuki, hadithi ya mbwa naipenda lakini haina ushahidi wa mtu yeyote wa wakati ule. Ni ile hadithi ambayo mtu anaitunga kwa kuangalia maneno yenyewe halafu anajiuliza ingekuwaje. Hata hivyo sehemu ya bekoni kuning'inia ni kweli kabisa na nadhani tusiipite haraka.

Ng'ombe na nguruwe walikuwa wanachinjwa Novemba, karibu na sikukuu ya Mtakatifu Martin tarehe 11, kwa sababu majani ya kulisha mifugo kipindi chote cha baridi hayakutosha. Nguruwe mmoja wa familia maskini anatiwa chumvi, ubavu mzima unaning'inizwa, na hiyo ndiyo nyama hadi majira ya kuchipua. Hakuna nyingine. William Cobbett, mwandishi aliyekuwa akiwatetea vibarua wa mashambani mwanzoni mwa miaka ya 1820, aliandika kwamba mbavu za bekoni zikionekana zimetundikwa nyumbani kwa mtu zinamzuia kuiba kuliko vitabu vizima vya sheria za adhabu. Alimaanisha kabisa, alikuwa anaona watu wanafungwa kwa kuwinda sungura wa tajiri kwa sababu ya njaa tu.

Ukiijua hali hiyo unaelewa kwa nini bekoni inaweza kubeba maana ya "kila nilichonacho". Mimi siko kwa Kalamu wala kwa Sauti. Nadhani mtu wa 1650 akisema bekoni yangu haitenganishi mwili wake na chakula chake. Kikiondoka kimoja na kingine kinaondoka.

#24 Mtafsiri_Tanga
Dada umenigusa hapo. Bibi yangu alikuwa anasema hivyohivyo kuhusu mahindi ya ghalani, mwaka wa njaa mwizi wa mahindi alikuwa anaitwa muuaji.

#25 Hakimu_Mstaafu_wa_Mtaa
Vijana mmesahau maelezo ya kisheria. Kulikuwa na jaji aitwaye Bacon, Francis Bacon mwanafalsafa yule. Kaletewa mshtakiwa aitwaye Hog, maana yake nguruwe. Mshtakiwa akajitetea kwamba mheshimiwa sisi ni ndugu, Hog na Bacon ni damu moja, usininyonge. Jaji akajibu kwamba hatuwezi kuwa ndugu mpaka unyongwe kwanza, maana nguruwe hawi bekoni mpaka atundikwe vizuri. Hapo ndipo watu wakaanza kusema kuokoa bekoni, yaani kuokoka kitanzi.

#26 Sauti_ya_Kizimkazi
Mzee wangu shikamoo. Kisa kipo kweli ila jaji ni baba yake, Sir Nicholas Bacon, aliyekuwa mtunza mhuri wa Malkia Elizabeth wa kwanza. Francis ndiye anayesimulia. Pia nina swali kwa heshima: kwenye kisa hicho bekoni ndiye aliyeshanyongwa. Sasa aliyeokoka kitanzi angesemwa kaokoa bekoni au kaepuka kuwa bekoni?

#27 Hakimu_Mstaafu_wa_Mtaa
Marahaba mwanangu. Hoja imesikika. Rufaa yangu naileta baada ya chakula cha usiku.

#28 Mama_Junior_Ilala
Mimi nina kisa cha kwangu, siyo cha Kizungu. Nilikuwa mhudumu wa mapokezi kwenye hoteli moja, jina naliacha. Siku hiyo mtoto kaugua usiku, nimefika kazini nimechelewa sana na kumbe meneja mkuu kaja ghafla kukagua zamu. Mwenzangu wa zamu ya usiku hakuondoka. Alikaa pale kaunta na sare yake iliyochoka, kila meneja akiniulizia anasema nimekwenda stoo kuchukua fomu za wageni. Nimeingia mlango wa nyuma nikatokea na fomu mkononi. Yule dada alikuwa hajalala tangu jana yake na watoto wake walikuwa wanamsubiri awapeleke shule.

Sasa mkiniuliza aliokoa nini mimi nasema unga. Nilikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa. Ngozi yangu ilikuwa salama tu, nani angenipiga? Kwa hiyo Mtafsiri andika unga usiogope.

#29 Kalamu_Nyeusi
Mama Junior pole na hongera kwa kupata mwenzako wa namna hiyo. Lakini wewe unaeleza Kiswahili kinavyoona, ambayo ni sawa kwa sabutaito. Uzi uliuliza pia asili.

#30 Mama_Junior_Ilala
Asili mtabaki nayo nyie, mimi naeleza mtu anaangalia TV Mbagala ataelewa nini.

#31 Bahati_Goma
Jambo bandugu. Mie niko Goma, Kiingereza changu si kingi ila kwa Kifaransa tunasema "sauver sa peau", kuokoa ngozi yake. Kwa hiyo namuunga Kalamu.

Lakini kuna msemo mwingine wa kuokoa tulifundishwa shuleni, na Waingereza wanao pia. Kutoa chestnati kwenye moto, zile njugu kubwa za Ulaya ambazo zinachomwa kwa makaa. Hadithi ni ya La Fontaine, mshairi Mfaransa, ya 1679. Nyani anaitwa Bertrand, paka anaitwa Raton, wanakaa nyumba moja, wanaona chestnati zinaiva motoni. Nyani anamsifu paka, anamwambia kama Mungu angenipa mikono hodari kama yako hizi zisingebaki. Paka kwa sifa anaanza kuchokoa majivu na kucha, anatoa moja, anatoa ya pili, anaungua, na kumbe nyani anazitafuna nyuma yake. Mjakazi akaingia, wote wakakimbia, na paka hakufurahi.

#32 Dada_wa_Kisutu
Bahati asante kwa hiyo. Waingereza hadi leo mtu anayetumiwa na mwingine kufanya kazi chafu wanamwita mkono wa paka.

#33 Bahati_Goma
Ndiyo. Na kitu cha ajabu, kwa Kifaransa cha leo watu wengi wanautumia kinyume. Wakisema fulani katoa chestnati motoni wanamaanisha kafaidi yeye mwenyewe, wakati mwanzoni aliyetoa ndiye aliyeungua bure. Paka kageuka nyani.

#34 MkaziWaLeicester
Hiyo ya chestnati si ndiyo hotuba ya Stalin? Machi 1939, mkutano mkuu wa 18 wa chama, aliwaambia Uingereza na Ufaransa kwamba Urusi haitatoa chestnati motoni kwa ajili ya watu wengine. Na Agosti wakasaini na Hitler.

#35 Sauti_ya_Kizimkazi
Ndiyo hotuba hiyo, tarehe 10 Machi. Ila chestnati hazimo kwenye Kirusi chake. Alichosema ni msemo wa kwao wa watu wanaozoea kukokota makaa ya moto kwa mikono ya wengine. Mfasiri wa Kiingereza ndiye aliyeweka chestnati kwa sababu wasomaji wake wangeipata haraka. Na hotuba ikaitwa ya chestnati mpaka leo. Mtafsiri unaona nguvu uliyonayo?

#36 Mtafsiri_Tanga
Naiona, na inanitisha kidogo. Mtu mmoja mezani kwake anachagua neno na historia inalibeba.

#37 Nyuki_wa_Tabora
Mnaiona tofauti hapo? Kwenye bekoni aliyeokolewa anashukuru. Kwenye chestnati aliyeokoa ndiye anayelia. Waswahili tumeshasema asante ya punda ni mateke.

#38 Kijana_wa_Mikocheni
Mimi nilijua bekoni imetoka kwenye ndondi. Joe Gans, bingwa mweusi wa kwanza wa dunia aliyezaliwa Marekani, 1906 pale Goldfield Nevada alipigana na Battling Nelson, raundi 42 jamani, arobaini na mbili, na akashinda baada ya Nelson kutolewa kwa kupiga chini ya mkanda. Mama yake alimtumia telegramu kabla ya pambano kwamba alete bekoni nyumbani.

#39 Kalamu_Nyeusi
Hiyo ndiyo ile ya kuleta bekoni niliyoitaja juu kabisa. Pambano lile ndilo lililoueneza magazetini. Usiichanganye na ya kuokoa, zimepishana zaidi ya miaka 250.

#40 Kijana_wa_Mikocheni
Na wale wanaosema imetoka kwenye kijiji cha wanandoa?

#41 Dada_wa_Kisutu
Dunmow, mkoa wa Essex. Hapo wanandoa wanaokula kiapo kwamba mwaka mzima na siku moja hawajajutia ndoa yao wanapewa ubavu wa bekoni. Mshairi wa Kiingereza Chaucer anautaja utaratibu huo karne ya 14 kama kitu ambacho kila mtu anakijua. Ulipotea ukafufuliwa 1855, na sasa unafanyika kila mwaka mrefu, kuna mahakama ya kuigiza na baraza la wasichana sita na vijana wa kiume sita ambao hawajaoa. Kuna wakili kabisa wa kutetea bekoni isitolewe! Anawahoji wanandoa ili awaangushe. Huyo wakili kazi yake ni kuokoa bekoni kwa maana halisi, lakini msemo wetu sioni umetokea hapo, hakuna anayeokolewa.

#42 Mama_Junior_Ilala
Mwaka na siku bila kujuta? Mume wangu tungeshindwa kwenye foleni ya usajili.

#43 Mzee_wa_Buza
Swali kwa watu wa Unguja na Pemba. Nyie mkiokolewa na Mwingereza mnasemaje, maana bekoni hamgusi 😂

#44 Sauti_ya_Kizimkazi
Mzee wa Buza utani wako una miaka mia mbili. Byron alishaufanya. Kwenye shairi lake la Don Juan, sehemu iliyotoka 1823, anaeleza Warusi walivyouzingira mji wa Ismail uliokuwa mikononi mwa Waturuki, na anasema Waturuki walikosea sana, wanachukia nguruwe na bado wanataka kuokoa bekoni zao.

Na hapo Kalamu nakupa kitu bure, kwa uadilifu tu. Ndani ya ngome iliyozingirwa mtu haokoi kibarua. Ismail ulipoanguka Desemba 1790 waliuawa watu kwa maelfu. Byron kaiweka kwenye roho za watu.

Jibu la swali lako: sisi tunasema "umenisitiri". Na kwa ile sehemu ya inspekta nadhani ndiyo yenyewe, maana konstebo hakumuokolea kazi tu, kamfichia aibu mbele ya jaji.

#45 Kalamu_Nyeusi
Nimepokea Byron kwa mikono miwili.

Ila kusitiri hapana, ni neno la heshima mno. Bekoni ni neno la vibarazani, la wanaume wanaopigana mabega. Inspekta hawezi kusema umenisitiri, atasikika kama kwenye khutba.

#46 Sauti_ya_Kizimkazi
Kwenu bara labda. Kwetu hata mvuvi pwani akiazimwa injini anasema umenisitiri ndugu yangu.

#47 Hakimu_Mstaafu_wa_Mtaa
Nimerudi. "Umeokoa jahazi". Kila Mswahili anaijua, magazeti ya michezo wanaitumia kila wiki kipa akidaka penalti.

#48 Dada_wa_Kisutu
Mzee, jahazi lina watu wengi. Ukisema kaokoa jahazi umemaanisha shughuli nzima, timu, kikao, harusi. Bekoni ni ya mtu mmoja, "yangu". Inspekta anazungumzia yeye.

#49 Kamau_wa_Limuru
Hapa Kenya inspekta angesema "umeniokolea" tu, na akatoa pesa ya chai. Lakini bado nashikilia wezi. Hata huyo wa 1654 alikuwa anawaambia maprofesa kwamba wamekaa na nafasi ambazo si zao. Hiyo ni loot!

#50 Sauti_ya_Kizimkazi
Kamau hiyo ni mpya, sijawahi kuiona mahali popote, na kusema kweli inanipendeza.

#51 Kalamu_Nyeusi
Inapendeza ila Kamau umeiunda leo.

#52 Kamau_wa_Limuru
Na mgongo wako nani aliiunda?

#53 Mtafsiri_Tanga
Wakuu asanteni sana. Mhariri kapitia uzi huu wote. Kwenye hiyo sehemu kachagua "Umeniokoa nisimwage unga", kwa sababu dakika mbili mbele inspekta anasema bosi wake alikuwa ameshaandaa barua. Ila kuna sehemu ya saba mtu huyohuyo anavutwa asigongwe na gari na anasema maneno yaleyale, "you saved my bacon", na pale unga hauingii kabisa.

#54 Kalamu_Nyeusi
Pale weka ngozi. Au roho. Nilikwambia mapema.

#55 Mama_Junior_Ilala
Akigongwa na gari si unga umemwagika vilevile?

#56 Mzee_wa_Buza
Mtafsiri hiyo tamthilia inaitwaje na inaanza lini? Nataka nimuone huyo konstebo.

#57 Mtafsiri_Tanga
Sina ruhusa kuitaja mpaka itangazwe mkuu. Hiyo ya gari nina mpaka Ijumaa, mwenye neno aliweke hapa.